Barua, Picha na Vijikaratasi: Nyaraka za Watu Binafsi katika Uvira na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi

Mtafiti anayekusudia kuandika historia ya Uvira hulazimika kuanza safari yake mbali na Uvira. Sehemu kubwa ya hati za utawala wa Kibelgiji imehifadhiwa Brussels. Shajara za vituo vya kwanza vya Mababa Weupe kandokando ya ziwa ziko Roma. Madaftari ya Henry Morton Stanley, aliyefika katika maji hayo mwaka 1871, yako Tervuren, nchini Ubelgiji. Katika mji wenyewe, uliobanwa kati ya milima na ziwa, mkabala na Bujumbura, kilichobaki aghalabu ni kile kilichomo katika masanduku ya watu: barua za ndugu, cheti cha ubatizo, picha ya harusi iliyopigwa studio, kadi ya chama kilichokwisha kufa, programu ya kwaya, risiti ya mzigo uliopakuliwa katika bandari ya Kalundu.

Makala haya yanaeleza nyaraka za aina hiyo ni zipi, zina uzito gani kwa historia na kwa isimu ya Kiswahili, na ni mambo gani yapasa kuzingatiwa katika kuzikusanya na kuziorodhesha. Hoja inayojengwa ni kwamba, katika eneo ambalo sheria na siasa zimewadai watu mara kwa mara wathibitishe kuwa wao au wazee wao walikuwapo mahali fulani katika mwaka fulani, karatasi ya mtu binafsi si ukumbusho wa familia tu. Ni ushahidi. Kwa sababu hiyo yahitaji kulindwa kwa uangalifu, na kusomwa kwa uangalifu zaidi.

2. Maana na mipaka

Nyaraka za ofisi huzaliwa na kazi: barua huingia, hujibiwa, huwekwa katika jalada lake. Nyaraka za mtu binafsi hujikusanya kuzunguka maisha ya mtu mmoja, bila mpango alioupanga mtu mwingine. Mwalimu mstaafu huweka barua ya kuajiriwa pamoja na picha ya wanafunzi wake wa kwanza na karatasi ya dawa ya mkewe. Mpangilio huo, hata ukionekana kuwa vurugu, una maana; unaonyesha mwenye nyaraka alihusisha nini na nini.

Kundi la pili ni picha. Nazo ni za aina mbili zisizopaswa kuchanganywa: zile zilizopigwa na mgeni kwa ajili ya wasomaji wa kwao, na zile ambazo mtu wa Uvira alizilipia mwenyewe, akachagua nguo, mkao na watu wa kusimama nao. Aina ya kwanza imejaa katika makumbusho ya Ulaya. Aina ya pili iko katika albamu na kuta za nyumba, na ndiyo inayoeleza watu walivyotaka kuonekana.

Kundi la tatu ni machapisho madogo yaliyokusudiwa kutumika kwa siku chache: tikiti, matangazo ya mikutano, vipeperushi vya uchaguzi, kalenda, kadi za mwaliko, kadi za vyama, programu za ibada. Kwa kukosa jina lililokwisha kuzoeleka, makala haya yanayaita vijikaratasi. Udhaifu wao ndio nguvu yao. Aliyechapisha tangazo la mkutano hakuwa akifikiria wanahistoria, kwa hiyo hakuona haja ya kujipamba mbele yao. Kitambaa cha kitenge chenye sura ya Mobutu, cha miaka ya chama cha MPR, kinaweza kuhesabiwa katika kundi hili ingawa si karatasi.

Wasomi wa Kiswahili wana mazoea ya muda mrefu na makusanyo ya watu binafsi. Miswada iliyokusanywa na William Taylor na William Hichens, iliyopo London katika chuo cha SOAS, na karatasi za Hans Cory katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mifano inayofahamika. Lakini makusanyo hayo ni ya wataalamu waliokusanya maandishi ya wengine. Sanduku la familia ya Uvira ni jambo tofauti: mwenye maandishi na mwenye kuyahifadhi ni mtu mmoja.

3. Maneno ya wana wa Maruta

Manufaa na mipaka ya karatasi za mtu binafsi huonekana vizuri katika kisa cha kale cha Uvira. Mwezi Aprili 1858, Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua kama mto Ruzizi hutoka ziwani au huingia, kwa kuwa jibu hilo lingesaidia kujua chanzo cha Naili. Hawakufika mlangoni mwa mto. Burton aliandika kwamba wana watatu wa mtawala aliyeitwa Maruta walimweleza kwamba Ruzizi huingia ziwani, na watu wote waliokuwapo wakathibitisha. Anasimulia pia kwamba Sidi Mubarak Bombay alidai kuwa Speke aliyaelewa vibaya maneno ya Hamed bin Sulayyim, aliyekuwa amezungumzia mto unaoingia, wala si unaotoka. Swali zima la kijiografia lilikuwa limening'inia kwenye tafsiri ya kitenzi kimoja.

Mwezi Novemba 1871, David Livingstone na Stanley walikwenda wenyewe hadi mlangoni mwa Ruzizi, wakaona maji yakiingia. Habari waliyopewa Burton na Speke miaka 13 kabla ilikuwa sahihi. Katika Mugere, upande wa Burundi, liko jiwe lenye majina ya wasafiri hao wawili na tarehe 25 Novemba 1871. Hakuna jiwe la wana wa Maruta. Kauli yao imehifadhiwa kwa sababu moja tu, kwamba mgeni aliiandika.

Na maandishi ya mgeni huyo yenyewe hayakusalimika yote. Baada ya Burton kufariki mwaka 1890, mkewe Isabel aliteketeza sehemu kubwa ya shajara zake. Kilichobaki kuhusu Uvira ni hasa kile ambacho Burton alikichagua kukichapisha. Za Livingstone zilikuwa na bahati tofauti. Alipofariki mwaka 1873, Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa msafara wake, aliorodhesha vitu vilivyokutwa katika masanduku yake, na Chuma na Susi na wenzao wakabeba maiti na karatasi hadi pwani. Orodha ya Wainwright yaweza kuhesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo za uhifadhi wa nyaraka zilizofanywa na Mwafrika katika bara hili, na ilifanyika porini.

Kuna funzo jingine. Mwaka 1871 Livingstone alikosa karatasi na wino, akaandika juu ya kurasa za gazeti kwa rangi ya mimea. Maandishi hayo yalififia hata yakawa hayasomeki. Picha zilizopigwa kwa mianga ya aina mbalimbali ziliyafufua, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Yalidhihirisha kwamba shajara ya awali inatofautiana na yale yaliyochapishwa mwaka 1874. Karatasi iliyodhaniwa imekufa ilikuwa bado na neno la kusema.

4. Shajara za misheni na kesi ya wafiadini

Mababa Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1880 walifungua kituo cha Mulweba katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 wakafungua Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari. Kardinali Lavigerie aliagiza kila kituo kiandike shajara ya kila siku. Kwa hiyo, kwa mwambao wa magharibi wa ziwa, ziko kurasa za miaka ya 1880 zinazotaja mvua, bei, magonjwa, wajumbe wa watawala wa jirani, na watu waliokombolewa kutoka utumwani. Shajara hizo si za mtu mmoja, lakini mwandiko hubadilika kila padri anapopokea kalamu, na pamoja na mwandiko hubadilika hasira, huruma na upeo wa macho.

Katika miaka ya mwanzo ya 1920 walikuja Wapentekoste kutoka Sweden na Norway, waliojenga vituo Uvira, Lemera na Kaziba. Hawa walileta kamera na desturi ya kuandika barua kwa makanisa yaliyowatuma. Barua na picha hizo zilisafiri kaskazini, na nyingi hazikurudi. Mwaka 1958 walifika mapadri Waksaveri kutoka Italia. Jimbo la Uvira likaundwa mwaka 1962.

Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, waliuawa katika Baraka na Fizi Waksaveri watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri Albert Joubert, mwana wa nahodha Mfaransa Léopold Joubert na mama Mwafrika. Walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Kwa utaratibu wa Kanisa, kesi ya aina hii hudai kukusanywa kwa maandishi ya marehemu na ushahidi wa waliowafahamu. Hivyo barua ambazo pengine zingetupwa hupewa namba, hunakiliwa na kusomwa upya. Mfano huu unaonyesha kwamba nyaraka za mtu hazihifadhiki kwa sababu ni muhimu; huwa muhimu, na huhifadhika, pale panapokuwa na taasisi inayozihitaji. Maelfu ya waumini wa kawaida waliokufa katika miaka ileile hawana taasisi ya namna hiyo.

5. Karatasi za uasi

Uvira ilitekwa na waasi mwezi Mei 1964. Waasi hao, tofauti na walivyodhaniwa, walipenda sana karatasi: waliandika amri, vibali vya kusafiri, kumbukumbu za mikutano na barua za malalamiko. Benoît Verhaegen alizitumia nyaraka za namna hiyo katika kitabu chake *Rébellions au Congo*, ambacho juzuu yake ya kwanza, ya mwaka 1966, inachunguza pia eneo la Uvira na Fizi. Bila mkusanyo huo, uasi ungebaki unasimuliwa na waliouzima tu.

Tarehe 24 Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka ziwa na kufika Kibamba, kusini ya Uvira, akaondoka tarehe 21 Novemba mwaka huohuo. Yeye na wenzake walipewa majina ya siri kwa namba za Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Guevara mwenyewe aliitwa Tatu. Kumbukumbu zake za Kongo zilikaa miongo mingi bila kuchapishwa, zikatolewa kikamilifu mwaka 1999. Mwenye kuorodhesha barua ya mwaka 1965 akakuta neno "Tatu" na kudhani ni hesabu, atakuwa amempoteza mtu. Ujuzi wa lugha hautoshi. Hapana budi kujua pia muktadha.

Baada ya uasi kuzimwa mijini, Laurent-Désiré Kabila aliendelea kukaa katika milima ya Fizi na chama chake cha PRP kwa miaka mingi. Wilungula B. Cosma alieleza maisha ya msituni humo katika kitabu kilichotoka mwaka 1997, mwaka uleule Kabila alipoingia Kinshasa.

6. Sheria inapoomba karatasi

Hadi hapa nyaraka zimetazamwa kama chanzo cha historia. Uvira zina kazi nyingine, iliyo nzito zaidi. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia wa Zaire watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 iliondoa msingi huo na kurudisha mizani nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ikachukua wakati wa uhuru wa mwaka 1960, ikitambua makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa sehemu ya nchi iliyokuwa Kongo. Katika muda wa miaka 32, swali la "nani ni wa hapa" lilipimwa kwa tarehe tatu tofauti.

Kila tarehe huita karatasi zake. Kwa mwaka 1950 yaweza kupatikana risiti ya kodi, kitabu cha utambulisho, cheti cha ubatizo. Kwa mwaka 1960 kuna karatasi za mishahara, kwa mfano za kiwanda cha sukari cha Kiliba kilichoanzishwa katika miaka ya 1950, na vyeti vya shule. Lakini kwa mwaka 1885 mwananchi wa kawaida hakuwa na karatasi yoyote. Zilizopo ni za wageni wachache, na zinakaa Roma, Brussels na Tervuren. Sheria ilimwomba mtu ushahidi ambao hakuuandika yeye na ambao hakuwa na nauli ya kwenda kuusoma.

Tena, ukimya wa karatasi hizo umetumiwa vibaya. Shajara ya misheni ya ufukweni humtaja aliyefika kituoni. Haimtaji aliyekaa juu ya nyanda za Itombwe au ndani ya bonde la Ruzizi. Msafiri hutaja kijiji alicholala, si kile alichokipita usiku. Kwa hiyo kutokuwapo kwa jina la jamii fulani katika daftari fulani si dalili kwamba jamii hiyo haikuwapo, na kuwapo kwa jina hakutoshi kugawa ardhi. Jacques Depelchin, katika tasnifu yake ya mwaka 1974 kuhusu Uvira kuanzia mwaka 1800 hivi hadi 1965, aliitazama jamii ya eneo hili kwa misingi ya uzalishaji na biashara badala ya kuridhika na orodha ya makabila. Wenye kusoma nyaraka leo wangefaidika kwa kuukumbuka mfano huo.

7. Lugha ya barua

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, masanduku haya ni hazina ya pekee. Barua za mashariki ya Kongo huandikwa kwa Kiswahili kisichofuata sarufi ya Unguja wala ya vitabu vya shule. Mwandishi huandika *mutoto* na *batoto*, *muti*, *iko* pale ambapo Kiswahili sanifu kingetumia *ni* au *yupo*, na huchanganya Kifaransa kwa kadiri ya elimu yake na heshima anayotaka kumpa msomaji. Serikali huiita *leta*, neno litokanalo na *l'État*; hospitali huiita *lopitali*.

Mhariri mwenye nia njema hutamani kusahihisha. Hilo ni kosa. Akibadili *leta* kuwa *serikali*, amefuta ndani ya neno moja historia ya dola iliyojitambulisha kwa Kifaransa. Mfano bora wa kufuatwa umetoka Katanga: *Vocabulaire de la ville de Elisabethville*, historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Ilikuwa kijitabu kilichopigwa taipu na kunakiliwa, yaani kijikaratasi kwa maana ya makala haya. Johannes Fabian alipoitoa mwaka 1990 aliacha maandishi yalivyo, akaweka kando yake usomaji uliofafanuliwa na tafsiri. Leo ni miongoni mwa matini muhimu za Kiswahili cha Kongo.

8. Kuorodhesha na kuhifadhi

Tatizo la kwanza la mwenye kuorodhesha ni majina. Nchi hii iliitwa Dola Huru ya Kongo kuanzia mwaka 1885, Kongo ya Kibelgiji kuanzia 1908, Jamhuri ya Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Zaire kuanzia 1971, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuanzia 1997. Usumbura ni Bujumbura, Albertville ni Kalemie, Costermansville ni Bukavu. Watu nao walibadilishiwa majina: mwaka 1972, kwa siasa ya uhalisi wa Mobutu, majina ya Kikristo yaliachwa katika hati za serikali. Mtu mmoja aweza kuonekana katika sanduku moja kama watu wawili. Njia salama ni kunakili jina kama lilivyoandikwa, kisha kuweka kiungo kati ya majina hayo, bila kulifuta lolote.

La pili ni mpangilio. Nyaraka za familia moja zisichanganywe na za nyingine kwa kufuata mada, wala bahasha isitenganishwe na barua yake. Nyuma ya picha maelezo yaandikwe kwa penseli laini, wino hupenya. Majina ya waliomo pichani yaulizwe mapema, kwa kuwa picha isiyo na mtu wa kuitambua hubaki kuwa picha ya nguo na viti.

La tatu ni hali ya mahali. Mji ulipitiwa na vita vya mwaka 1996 na 1998, na mtu anayekimbia hubeba mtoto na sufuria kabla ya albamu. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi, na katika miaka iliyofuata maji ya ziwa yamepanda na kuingia mitaa ya ufukweni. Mchwa na unyevu hufanya kazi kila siku bila kutangazwa. Hatua za kwanza hazihitaji fedha nyingi: kuinua masanduku kutoka sakafuni, kuondoa pini za chuma, kutotumia gundi na karatasi za nailoni zinazonata, kupiga picha za nyaraka kwa simu katika mwanga wa mchana, na kuweka nakala katika miji miwili au zaidi. Mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, umejengwa juu ya kanuni kwamba nakala husafiri ilhali asili hubaki nchini. Kanuni hiyo yafaa kushikwa hata na mradi mdogo usio na mfadhili.

La nne, na gumu kuliko yote, ni usalama wa watu. Barua inayomtaja jirani kuwa alikisaidia kikundi fulani cha wapiganaji yaweza kumletea madhara yeye au watoto wake. Ridhaa ya mwenye sanduku haitoshi kwa waliotajwa ndani yake. Baadhi ya nyaraka hupaswa kuhifadhiwa na kufungwa kwa muda uliokubaliwa. Kufunga si kuficha, mradi tarehe ya kufunguliwa imeandikwa.

9. Hitimisho

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Uvira ilikuwa na habari tangu kabla ya daftari, kama wana wa Maruta walivyoonyesha mwaka 1858. Iliyokosekana ni kalamu iliyo mikononi mwao. Katika karne iliyofuata, kalamu ilifika, na watu wakaandika: kwa ndugu, kwa padri, kwa mwajiri, kwa chama. Karatasi hizo zimesambaa katika nyumba ambazo maji, moto na uhamisho vinazifikia kwa urahisi kuliko vyuo vikuu. Wanafunzi wa Kiswahili na wa historia walio katika Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Dar es Salaam wana lugha ya kuzisomea, na safari ya kwenda kwa wenyewe si ndefu. Kazi ya kwanza si kuchapisha. Ni kukaa na mwenye sanduku, kumsikiliza akieleza kila picha, na kuandika majina kabla hayajasahaulika.